Nilivyompeleka mama Lalibela, siku sita za Genna

Siku ya 1, Alhamisi 3 Januari 2019. KIA mpaka Addis

Tumetoka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, mchana na sa hivi niko Addis Ababa kitandani na blanketi mbili, baridi ya huku sio ya mchezo. Mama kalala kitanda cha pili na kitenge chake juu ya blanketi za hoteli, anasema blanketi ya watu haimpi joto kama kitenge chake.

Niseme kabisa kwa nini Lalibela na sio Yerusalemu, maana kila aliyesikia tunaenda Ethiopia kuhiji ameniuliza hilo swali. Mama ana miaka 67, Mlutheri wa Machame, mwanakwaya tangu yuko binti. Toka niko shule ya msingi nakumbuka alikuwa na kopo la maziwa juu ya kabati, humo ndo ilikuwa inakaa hela ya Yerusalemu, baadae akahamia kwenye kikoba cha wanawake wa usharika. Mwaka 2013 hela ilikuwa imekaribia kabisa, baba akaanza kuumwa figo, basi ikaenda yote hospitali, na mwaka uliofuata baba akatutoka. Mama hakuitaja Yerusalemu tena. Hata mchungaji akitangaza safari ya hija kanisani yeye anafungua tu kitabu cha nyimbo anatafuta wimbo unaofuata.

Mwaka jana nikakutana na habari za Lalibela, mji wa milimani Ethiopia wenye makanisa 11 yaliyochongwa kwenye mwamba, na wenyeji wanasema mfalme wao aliyachonga ili watu wake wasioweza kufika Yerusalemu wawe nayo nyumbani. Hiyo sentensi niliisoma mara tatu alafu nikampigia mama simu.

Visa tumepewa hapohapo uwanja wa ndege, Ethiopia wameanza hivyo kwa Waafrika wote tangu Novemba. Usiku tumekula injera, ile chapati yao laini, na dengu, mboga za majani na viazi, nyama hakuna, wako kwenye mfungo wa siku 43 kabla ya Genna, yaani Krismasi yao inayoangukia tarehe 7 Januari. Mama akauliza siku zote 43 bila nyama wala maziwa? Nikamwambia ndio, na mayai hakuna. Akatikisa kichwa, akaongeza dengu.

Siku ya 2, Ijumaa 4 Januari. Addis mpaka Lalibela

Ndege ya mapangaboi, ndogo, imejaa akina mama waliojitanda netela, zile shuka nyeupe nyepesi za pamba. Chini ni milima imekatwakatwa kama mtu kaipiga panga, na juu kabisa ya kila kilima unaona shamba na nyumba mbili tatu, unajiuliza hawa wanateka wapi maji. Kutoka uwanjani ni kupanda na kuzunguka mpaka mjini, kama mita 2,500 juu ya bahari. Kichwa kilimuuma mama kidogo akanywa maji kikaachia.

Tulipofika tukakuta chumba tulicholipia tangu Novemba kimeshapewa watu wengine, msimu wa Genna bei inapanda mara tatu na mwenye nyumba alipata anayelipa zaidi. Nilikasirika sana. Dereva wa bajaji akatuona tumekaa na mabegi barabarani, akatupeleka kwa shangazi yake mwenye vyumba viwili uani. Yule mama hatukuelewana hata neno moja, ila alivyomwona mama yangu akaingia ndani akatoka na beseni na maji ya vuguvugu, akapiga magoti akaanza kumwosha miguu! Mama akataka kuivuta miguu, yule mama akaishika. Yule kijana wa bajaji akatueleza ndivyo wanavyowapokea mahujaji Lalibela tangu enzi, wengine wanatembea kwa miguu siku nyingi kutoka vijijini na watu wa mji wanawaosha miguu. Mama alilia. Kanisani kwetu kuoshana miguu tunasikia kwenye somo la Alhamisi Kuu basi.

Kitu kingine kilichonifurahisha ni saa. Nikamuuliza yule kijana kesho twende saa ngapi, akasema saa moja asubuhi, alafu akaanza kunifafanulia kwa kuwa mimi mgeni, kwamba kwao saa zinahesabiwa toka jua linapochomoza. Nikamwambia ndugu yangu hata kwetu! Wageni wengine wote hapa wanahangaika na saa, sisi tumekuja na saa yetu kutoka nyumbani.

Ila kalenda yao ni nyingine kabisa, wana miezi 13, na leo kwao ni tarehe 26 Tahsas mwaka 2011. Nilimweleza mama hilo usiku kama habari ya kuchekesha tu. Akanyamaza muda mrefu, akasema, "Mwaka 2011 baba yako alikuwa anapogoa kahawa." Sikuwa na la kujibu.

Siku ya 3, Jumamosi 5 Januari. Medhane Alem, Maryam, Golgota

Tiketi tumelipa dola 50 kila mmoja, inatumika siku kadhaa kwa makanisa yote. Unavua viatu kila mlango, kuna watu kazi yao ni kukulindia viatu, wanakusogezea mpaka mlango utakaotokea.

Sasa niwaeleze mnielewe, maana mimi mwenyewe kabla sijafika nilidhani ni mapango. Sio mapango. Walichukua mwamba mwekundu wa volkano, wakachimba handaki kuzunguka pande zote nne mpaka likabaki jiwe moja kubwa limesimama katikati kama keki kwenye sinia, alafu wakaanza kulichonga kutoka juu kushuka chini. Sisi tunaanza na msingi, wao walianza na paa. Paa, halafu madirisha, halafu mlango, halafu wakaingia ndani kuchonga nguzo na matao kwa patasi, kifusi kikawa kinatolewa nje. Ukikosea nguzo hakuna kubandika, jiwe ndo lilelile. Na mahandaki wameyapa mwinamo ili mvua isituame ikalijaza shimo, na mitaro hiyo bado inapitisha maji mpaka leo, miaka kama 800.

Kanisa la kwanza ni Bet Medhane Alem, nyumba ya Mwokozi wa Ulimwengu, ndo kubwa kuliko yote, urefu unazidi mita 33, na lote ni jiwe moja. Ndani kuna giza na harufu ya ubani, sakafu imewekwa mazulia, na kwenye kona wanakuonyesha makaburi matatu matupu yaliyochongwa kwa ajili ya Ibrahimu, Isaka na Yakobo. Hapahapa ndipo ulipoibwa mwaka 1997 ule msalaba wa dhahabu wa Lalibela, wa kilo kama 7, ukauzwa kwa mkusanyaji mmoja huko Ubelgiji, ukarudi 2001. Padri alipoutoa watu wakajipanga waguswe nao mgongoni na kichwani, mama naye akaenda kuinamisha kichwa, Mlutheri wa Machame! Sikumwuliza kitu.

Bet Maryam ndo nililolipenda zaidi. Ni dogo, lina michoro kwenye dari na matao, ng'ombe dume wanapigana, ndege, misalaba. Katikati kuna nguzo imefunikwa kitambaa chote, haifunuliwi, wanasema imeandikwa mambo yaliyopita na yajayo. Nje kuna bwawa lenye maji ya kijani ambalo wanawake wanaotafuta mtoto wanateremshwa humo kwa kamba wakati wa Genna.

Humo ndani padri alikuwa anasoma kitabu cha ngozi kwa Kigeez, lugha ya ibada ambayo mtaani haiongelewi tena, na kijana akanong'ona kitabu kwao ni "metsehaf". Nikashtuka, msahafu! Na kweli, wataalamu wa lugha wanasema neno hili Waarabu walilitoa Uhabeshi kabla halijatufikia sisi pwani, na mimbari pia ni hivyohivyo. Kwa hiyo mama kila Jumapili anamtazama mchungaji kwenye neno la Kihabeshi bila kujua. Nilipomwambia akaniuliza kwa nini hawatufundishi. Mimi ni mwalimu wa historia sekondari na hilo sikuwahi kulifundisha, basi nimejibu hivyohivyo, hatujawahi kufundishwa.

Kanisa la Golgota wanawake hatuingii. Ndipo linaposemwa liko kaburi la mfalme Lalibela mwenyewe. Mimi liliniuma, nimetoka Tanzania na nimelipa hiyo tiketi kama wanaume. Mama akakaa kwenye jiwe mlangoni, akaimba ubeti wa wimbo wake taratibu, na mzee mmoja mwenye fimbo ya ibada akakaa pembeni yake akasikiliza mpaka mwisho. Nje hapo kuna jiwe kubwa la mraba wanaliita kaburi la Adamu.

Kuhusu mfalme: Gebre Meskel Lalibela alikuwa wa ukoo wa Zagwe, akatawala mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzoni mwa 13, na mji wakati huo ukiitwa Roha. Wanasimulia kwamba alipozaliwa nyuki walimzunguka, mama yake akasema nyuki wametambua ufalme wake, ndo maana ya jina Lalibela. Kaka yake akamwekea sumu, akalala siku tatu kama maiti, malaika wakampeleka mbinguni wakamwonyesha makanisa ya kujenga, na akiamka watu wakachonga mchana na malaika usiku. Ukiangalia ramani ya mji unaona alichokuwa anakitaka, kijito kinaitwa Yordanos na kina msalaba wa jiwe, kuna Golgota, kuna Sinai, kuna mlima wa Mizeituni. Wengi wanasema ni kwa sababu Saladin, sultani wa Kiislamu, aliichukua Yerusalemu mwaka 1187. Mimi hiyo hoja nimeipenda, ila kuna wasomi kama David Phillipson wanaoonyesha kwamba baadhi ya hizi nyumba ni za zamani zaidi, karne kadhaa kabla ya Lalibela, zingine zilikuwa ngome au nyumba za wakubwa zikaja kugeuzwa makanisa. Kwa hiyo mfalme alikuta kazi imeanza, akaimalizia, akaipa majina ya Nchi Takatifu. Kwangu hilo halimpunguzii kitu.

Kinachoniudhi ni hao wanaodai waliojenga ni wapiganaji wa Vita vya Msalaba kutoka Ulaya. Hakuna ushahidi wowote. Padri Mreno Francisco Álvares aliyefika hapa miaka ya 1520 aliandika kwamba amechoka kuendelea kueleza, maana anajua hawatamwamini. Angalau yeye aliona kwa macho yake.

Siku ya 4, Jumapili 6 Januari. Upande wa pili na Giyorgis

Mji umejaa. Jana usiku walikuwa wanaingia tu, wazee na watoto na akina mama na vifurushi vya ngano mgongoni, wamelala kwenye vilima kila mahali, asubuhi ukitazama utafikiri ni theluji.

Upande wa kusini mashariki nitausema kwa kifupi. Kuna njia ya chini kwa chini kutoka Bet Gabriel Rufael kwenda Bet Merkorios, hairuhusiwi kuwasha taa, unashika ukuta mkono mmoja na mkono mwingine juu ya kichwa usijigonge, wanasema ndo mfano wa kuzimu. Mama nilimwambia apite juu akakataa. Alitoka upande wa pili anatetemeka na anacheka. Bet Abba Libanos wanasema lilichongwa na mke wa mfalme, Meskel Kebra, kumkumbuka mume wake. Na kuna nyumba ndogo inaitwa Bet Lehem, ndo unapookwa mkate wa Sakramenti, na sio Lalibela tu, kila uwanja wa kanisa Ethiopia ile nyumba ya kuoka mkate inaitwa Betlehemu. Mama akairudia hiyo mara mbili tatu njiani, Betlehemu ni jiko.

Alafu Bet Giyorgis. Hili ndo la kwenye picha zote, liko peke yake, unatembea kwenye mwamba tambarare huoni kitu mpaka unafika ukingoni kabisa, na chini ya miguu yako kuna msalaba. Paa lake ni misalaba mitatu mmoja ndani ya mwingine, na jengo lote lina umbo la msalaba toka juu mpaka chini. Wanasema Mtakatifu George alikuja juu ya farasi kumlalamikia mfalme kwamba wote wamejengewa isipokuwa yeye, na wanakuonyesha alama za kwato ukutani. Kwenye matundu ya ukuta kuna mifupa ya mahujaji wa zamani, miguu yao inaonekana. Mama akakaa ukingoni nusu saa hataki kuondoka. Hili halina paa la chuma kama yale waliyoyaweka 2008 juu ya makanisa mengine kuyakinga na mvua, yale mapaa yanasaidia ila yanaharibu kabisa, na wenyeji wanaogopa siku moja nguzo zitaliangukia kanisa.

Hapo ukingoni ndo akaniuliza, "Hivi sisi Walutheri hawa wanatuonaje?" Nikamwambia mama, mwaka 1534 shemasi wa Kihabeshi anaitwa Mikael alifunga safari mpaka Wittenberg, akakaa na Martin Luther mwenyewe wakaongea imani, na Luther akakubali kwamba wanakubaliana, akamwandikia barua ya kumtambulisha. Mama akaniangalia kama namdanganya. Nikamwambia na zaidi ya hapo, hawa wana Ukristo tangu mfalme Ezana wa Aksum, ufalme wao wa kale, miaka ya 330 hivi. Kijana mmoja wa Tiro anaitwa Frumentius alitekwa kwenye meli, akalelewa ikulu, akawa mwalimu wa mfalme, alafu Athanasius wa Aleksandria akamweka wakfu kuwa askofu wa kwanza. Sarafu za Ezana za mwanzo zina mwezi mwandamo, za baadae zina msalaba. Mama akapiga hesabu. Wamisionari wa Leipzig, Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893. "Kumbe sisi tumelipata Neno juzi," akasema, na hakusema kwa huzuni, alisema kama mtu aliyegundua ana kaka mkubwa ambaye hakuwahi kuambiwa.

Saa tatu usiku huu tunatoka. Ibada ni usiku kucha.

Siku ya 5, Jumatatu 7 Januari. Genna

Naandika jioni, sijalala.

Usiku tulikaa uwanja wa Bet Maryam tumebanana na watu, kila mtu na mshumaa mwembamba, ngoma za kebero zinaanza polepole sana, pigo moja, kimya, pigo moja, mapadri wanayumba na fimbo zao na njuga za chuma mkononi, na mwendo unaongezeka kidogokidogo mpaka kifua chako kinapiga pamoja na ngoma. Mama alisimama mpaka saa nane usiku. Baada ya hapo bibi mmoja akamvuta akamlaza kichwa mapajani kwake akamfunika netela. Hatukumjua.

Asubuhi ndo inakuja Beza Kulu. Mapadri wanajipanga juu ukingoni mwa mwamba kuzunguka uwanja wote na wengine wanakaa chini, juu ni malaika, chini ni wachungaji wa kondeni, mbingu na dunia zinaitikiana. Wa juu wakiinama, wa chini wanainuka. Beza kulu maana yake Mkombozi wa wote. Siku hii wanasema ni siku ya kuzaliwa ya mfalme Lalibela pia, kwa hiyo wanafurahia wawili. Mwanakwaya wa miaka 50 yule, mama yangu, alishika sauti ya pili ndani ya dakika tano bila maneno, "mmm mmm" tu, na wanawake wa pembeni wakamsogelea ili waimbe naye. Nilitaka kurekodi nikaona mikono inatetemeka nikaacha.

Hadi 1950 askofu mkuu wa kanisa hili alikuwa anatoka Misri, yaani miaka kama 1,600 walikuwa wakiletewa Mmisri, ndipo 1951 wakapata askofu mkuu Mhabeshi, na 1959 akawa patriaki, yaani mkuu wa kanisa lao wenyewe. Lakini hizi nyimbo, mwendo huu na hizi ngoma hawakuletewa, ni vya kwao. Nilikuwa nafikiria hilo pale uwanjani nikitazama miguu ya mapadri.

Mfungo ukaisha, mwenyeji wetu akachinja kuku, akatupikia doro wat na mayai, na baadae kahawa. Hapa mama akawa mwenyeji. Akamwona yule mama anakaanga kahawa kwenye bati juu ya mkaa, akachukua kijiko akaikoroga mwenyewe, akachota chache akazinusa, akasema Kichagga kitu ambacho hata mimi sikukishika vizuri. Amevuna kahawa toka yuko mtoto na hakuwahi kufika ilikotoka. Walikunywa vikombe vitatu vitatu, wa tatu kwao unaitwa baraka, na walikuwa wanaongea kila mmoja kwa lugha yake, saa nzima, hata sikuitwa kutafsiri.

Siku ya 6, Jumanne 8 Januari. Kurudi

Mahujaji wanashuka milima kurudi makwao, barabara nzima nyeupe. Mama kapewa netela, kaivaa toka asubuhi. Mwenyeji alikataa hela ya usiku wa mwisho tukaiacha chini ya kikombe.

Uwanja wa ndege mama akanirudisha kwenye Yordanos, akauliza kile kijito kina kazi gani, mbona kimekauka. Nikamwambia ni mfano wa Yordani alikobatizwa Yesu, na ubatizo wana sikukuu yake, Timkat, tarehe 19, ndipo wanapotoa zile tabot, mfano wa Sanduku la Agano, nje ya makanisa yote na watu wanamwagiwa maji.

"Zimebaki siku ngapi?"

Nikamwambia 11.

Akahesabu kwa vidole, akatazama milima dirishani, akasema mahindi yanaweza kusubiri ila ng'ombe atakamuliwa na nani.